Mlingoti Mkongwe na Rangi ya Bure

Miongoni mwa vitu vinavyodharauliwa katika masoko yetu, ni vichache vinavyodharauliwa kuliko mlingoti mkongwe wa bango la petroli. Umesimama kando ya njia, kutu imekula shina lake, rangi imebabuka kama gome la mti mkavu, na bango lililokuwa juu yake ama limeanguka ama halisomeki. Mbuzi hujikuna hapo. Waendesha bodaboda huuegemea wakingoja abiria. Wakati wa uchaguzi hubandikwa sura za wagombea, na uchaguzi ukipita karatasi huachwa zioze zenyewe. Mtu aulizaye mlingoti huo uliwekwa na nani, lini, na kwa nini, huonekana kuwa hana kazi ya kufanya.

Insha hii ina neno moja la kusema juu ya mlingoti huo, nami nitalisema wazi tangu mwanzo ili msomaji ajue ninakompeleka. Mlingoti mkongwe unastahili kutengenezwa na kupakwa rangi upya. Lakini kuupaka rangi kabla ya kuusoma ni kuuharibu, na yule atuleteaye rangi hiyo bure ndiye atutozaye bei kubwa kuliko wote.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Ogwedhi ni soko katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Transmara. Siku ya mnada wa ng'ombe hukutana hapo Wajaluo, Wamasai na Wakuria, kila mmoja na mali yake na lugha yake, na Kiswahili huwa daraja kati yao. Tuseme kwamba kando ya njia iingiayo sokoni pana mlingoti wa namna niliyoieleza. Siku moja linafika gari la kampuni yenye bidhaa ya kuuza. Ikiwa bidhaa si simu, ni soda. Ikiwa si soda, ni sabuni. Mjumbe anawakusanya wenye maduka na kuwaambia, "Wazee wetu na mama zetu, tutalipaka soko lenu lote rangi, nanyi hamtatoa hata senti moja." Ifikapo jioni maduka yote yamekuwa ya rangi moja, na mlingoti pia umepakwa tangu shina hadi kilele. Watu wanapiga makofi na kusema kwamba soko limependeza.

Desturi hii twaijua sote. Nchi yetu ina masoko mengi yaliyovikwa sare ya wafanyabiashara wasiokaa humo. Nauliza basi: siku ile soko limepata nini, na limepoteza nini?

Ili tujibu swali hili, yatupasa kwanza tujue mlingoti ni kitu gani. Wengi hudhani ni chuma tu. La, ni maandishi. Petroli ilipoingia katika nchi hizi haikuingia katika magari peke yake; iliingia hata katika vinywa vyetu. Ukivuka mpaka wa Isebania ukafika Sirari, utawasikia jirani zetu Watanzania wakikiita kituo chochote cha petroli "sheli". Neno hilo limetoka katika jina la kampuni ya Shell, nalo limekuwa Kiswahili hata mwenye kulitamka haikumbuki kampuni. Litazame debe vilevile. Mama apimaye mahindi kwa debe anatumia kipimo kilichozaliwa na mkebe wa mafuta ya taa wa galani nne. Tena, katika kaunti ya Murang'a uko mji uitwao Kenol. Mji huo ulipata jina lake kutokana na kituo cha petroli cha Kenol, kampuni iliyoandikishwa nchini Kenya mwaka 1959. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa. Mabango yalibadilishwa, lakini mji haukubadili jina.

Jambo hilo halikutokea mara moja. Vituo vya Caltex viliingia mikononi mwa Total mwaka 2009, na Total yenyewe ikajiita TotalEnergies mwaka 2021. Vituo vya Mobil vikawa OiLibya, na OiLibya ikawa OLA Energy. Kila mkataba wa namna hiyo, uliotiwa sahihi katika miji ya mbali, ulifika katika masoko yetu kwa umbo la mpaka rangi mwenye ngazi na kopo. Alipanda, akafunika jina la jana, akashuka. Kwa hiyo mlingoti uliokaa miaka mingi una matabaka ya rangi, moja juu ya jingine, kama shina la mti lilivyo na pete za miaka yake. Fundi mwangalifu akiyafunua matabaka hayo katika sehemu ndogo kama kiganja, aweza kuonyesha nani alitangulia na nani alifuata. Huo ndio ukurasa ambao rangi ya bure huufunika, au, vibaya zaidi, huukwangua na kuutupa mavumbini.

Sasa nitawajibu wapinzani wangu mmoja mmoja, kwa maana wako wengi.

Wa kwanza ni yule asemaye, "Ng'oeni mlingoti, uzeni chuma." Huyu angalau hatudanganyi; ataka fedha na asema hivyo. Lakini fedha ya chuma kikuukuu huliwa kwa siku moja, na kilichouzwa hakirudi. Biashara hiyo tena ina madhara tuliyokwisha kuyaona. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ya Kenya ililazimika kuisimamisha kwa muda baada ya watu kuihujumu minara ya umeme. Mkono uliozoea kung'oa kisicho na mlinzi hauchagui kati ya mlingoti wa zamani na mnara wa leo.

Wa pili ni yule asemaye, "Hizi ni alama za makampuni ya kigeni, nyingine zilisimamishwa siku za ukoloni. Kwa nini tuzitukuze?" Neno hili lina uzito, nami silidharau. Lakini kutunza si kutukuza. Mganga hutunza habari za ugonjwa, wala hatukuzi ugonjwa. Tena tumtazame vizuri asemaye hivyo. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuipokea rangi ya kampuni nyingine juu ya ukuta wa duka lake. Huikataa alama ya kampuni iliyokufa, na papo hapo huivaa alama ya kampuni iliyo hai. Huo si uhuru. Ni kubadili bwana.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba mlingoti ni habari ya wageni peke yao. Kampuni ilileta bango, lakini aliyechimba shimo, aliyekoroga zege, aliyepiga pampu kwa mkono, aliyeendesha basi usiku wa mvua, na aliyelipa senti zake kwa chupa ya mafuta ya taa ili mwanawe asome, hao walikuwa watu wa kwetu. Tukilifuta bango, tumeifuta kampuni ambayo ina vitabu vyake vya kuikumbuka. Tumewafuta pia wazee ambao hawana kitabu.

Juu ya jambo hili kaunti yetu ina mwalimu mkubwa kuliko mimi. Kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori iko ngome ya mawe iitwayo Thimlich Ohinga. Ilijengwa yapata miaka 500 iliyopita, mawe yakapangwa pasipo udongo wala saruji, na mwaka 2018 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wajenzi wake wa kwanza waliiacha wakaenda zao. Wakaja watu wengine, na baada yao wengine, wakazikarabati kuta walizozikuta na kukaa ndani yake. Kama kila aliyefika angalisema, "Hizi si zetu, tuzibomoe," leo tungekuwa na rundo la mawe wala si ngome. Walioirithi walikuwa na busara ya kutengeneza walichokikuta.

Wa tatu ni yule asemaye, "Ngome ni ngome, lakini kituo cha petroli ni kitu duni na cha juzi, hakiwezi kuwa urithi." Nakiri kwamba hata sheria yetu yaelekea kumsaidia. Sheria ya Majumba ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kitu cha kale kinachohamishika kuwa kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mlingoti wetu ni kijana mbele ya sheria hiyo. Lakini kila kilicho cha kale leo kilikuwa cha juzi hapo awali, na kisipotunzwa katika ujana wake hakitafika uzeeni.

Wengine wamekwisha kulitambua hilo. Katika mji wa Asmara, Eritrea, kiko kituo cha petroli kiitwacho Fiat Tagliero, kilichojengwa mwaka 1938 kwa umbo la ndege, na mabawa yake ya zege yameenea pande mbili pasipo nguzo ya kuyashikilia. Kilijengwa na Waitaliano wakati wa utawala wao. Waeritrea hawakukibomoa walipopata uhuru. Walikitunza pamoja na mji wao, na mwaka 2017 Asmara iliandikwa katika orodha ile ile ya Urithi wa Dunia. Huko Uingereza, mahali paitwapo Markham Moor, liko paa la kituo cha petroli lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nalo mwaka 2012 liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria. Barabara ipitayo hapo huitwa A1, sawa na barabara yetu itokayo Isebania kupitia Migori na Kisii. Kama paa la petroli laweza kuheshimiwa kando ya A1 yao, kwa nini mlingoti usiheshimiwe karibu na A1 yetu?

Wa nne ni yule asemaye, "Tuna upungufu wa madawati na dawa; mlingoti utatufaa nini?" Mimi ni mwalimu, na upungufu wa madawati siambiwi na mtu. Kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya dawati na mlingoti, ningechagua dawati. Lakini hatujaletewa uchaguzi huo. Rangi ya bure haituletei dawati hata moja. Kama kampuni yataka kuta zetu na milingoti yetu iwe vibao vya matangazo, na iulizwe kodi ya kibao ni kiasi gani. Kodi hiyo ndiyo ingenunua madawati. Wenye maduka wanaoitoa bure hawakupewa zawadi. Wametoa zawadi, tena kwa tajiri.

Hadi hapa nimesema juu ya kumbukumbu na fedha. Liko jambo zito zaidi, nalo ni uhai wa watoto.

Rangi za zamani za chuma zilitengenezwa mara nyingi kwa madini ya risasi. Rangi nyekundu ya msingi iliyopakwa juu ya chuma ili kuzuia kutu ilikuwa na risasi. Rangi nyingi za manjano zilipata ung'avu wao kutokana na risasi. Hata petroli yenyewe ilitiwa risasi kwa miaka mingi, baada ya Mmarekani Thomas Midgley kugundua mwaka 1921 kwamba huizuia injini isigonge. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sasa mfikirie yule mpaka rangi wa bure. Ana soko zima la kumaliza kabla ya jua kuchwa. Humpa kijana kipande cha msasa na kumwambia akwangue upesi. Vumbi kavu la matabaka yote huanguka chini, pale pale mama anapoanika omena, pale pale mtoto anapotambaa. Kisha rangi mpya hupakwa juu, na soko likapendeza. Siku ya pili kampuni imekwenda, lakini vumbi limebaki. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Na hapa kinachovunjika si chungu.

Hali kadhalika mlingoti ni shahidi wa kilichozikwa. Chini ya kituo cha petroli huwa pana matangi ya chuma. Kituo kikifa, pampu huondolewa upesi, lakini tangi laweza kuachwa lioze ardhini na kuvujisha mabaki yake. Petroli ina benzini, nayo huleta saratani. Watu wa Thange, kaunti ya Makueni, walionja uchungu wa mafuta ndani ya maji yao mwaka 2015, bomba lilipovuja. Mtu atakayechimba kisima sokoni miaka 30 ijayo atajuaje kwamba hapo palikuwa na tangi, ikiwa mlingoti umeng'olewa, au umefanywa tangazo la sabuni?

Basi, lifanyike nini? Sisemi mlingoti uachwe ulivyo. Kutu haina huruma. Chuma kikigeuka kutu huvimba na kuisukuma rangi kutoka ndani, kwa hiyo rangi mpya juu ya kutu ni shuka safi juu ya kidonda. Hushambulia zaidi pale shina linapoingia katika zege, kwa sababu maji hutuama hapo. Na ikiwa mlingoti ni bomba, huula pia kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Mlingoti mbovu waweza kumwangukia mtu. Lazima utengenezwe, lakini kwa utaratibu.

Kwanza, usomwe. Picha zipigwe pande zote, kila herufi inakiliwe, urefu upimwe, na wazee waulizwe: ulisimamishwa lini, nani alikuwa mwenye kituo, basi gani lilisimama hapo, matangi yalikuwa upande gani. Kazi hii ni yenu, wanafunzi, nayo haihitaji fedha bali daftari na adabu.

Pili, fundi wa kuchomelea aligonge shina na kulikagua. Kilichooza kikatwe na kuungwa kipande kipya.

Tatu, kila rangi ya zamani ihesabiwe kuwa na risasi mpaka ipimwe. Isichomwe kwa moto wala isikwanguliwe kavu. Ilowanishwe kwanza, turubai litandikwe chini, fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi, na takataka zikusanywe zote. Kazi hii si yenu. Wakati huo mwanafunzi na akae mbali.

Nne, ikiwa bango ni la chuma kilichofunikwa kauri katika tanuru, lisipakwe rangi kamwe. Kauri hiyo ni kama kioo. Huoshwa kwa maji na sabuni, na kutu iliyo kwenye mapengo yake huzuiwa isienee. Aipakaye rangi amekiharibu kitu ambacho kingeweza kumzika yeye na wajukuu wake.

Tano, kabla ya rangi ya msingi na rangi ya juu kupakwa, sehemu moja ndogo yenye matabaka ya zamani iachwe wazi, ifunikwe kwa vanishi tu, ili kila ajaye aone. Rangi mpya nayo isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 katika milioni, kama Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linavyoshauri.

Sita, ukweli uandikwe. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa dunia huufuata, wataka sehemu mpya ya kitu cha kale itambulikane, isijifanye ya zamani. Basi kibao kidogo kiwekwe chini: jina la kituo, miaka yake, mahali pa matangi, na mwaka wa matengenezo.

Ndugu wasomaji, wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala upitao siku hizi huja na ngazi, kopo na tabasamu, na huondoka jioni. Atakapokuja katika soko lako, iwe ni Ogwedhi au pengine popote, usimfukuze kwa matusi. Mwulize maswali matatu mbele ya watu wote: Utalipa kodi kiasi gani? Vumbi la rangi ya zamani utalipeleka wapi? Na je, umekwisha kuusoma mlingoti huu unaotaka kuufunika? Akishindwa kujibu, na arudi na kopo lake. Nanyi mchukue daftari, mwende kwa wazee mngali mnao.